Chupa Isiyo na Lebo

Jumamosi alasiri, katika duka la mvinyo mjini Kisii, tulikuwa watatu, daktari, wakili na mimi, kila mmoja akisimulia chupa bora aliyofungua mwezi huo. Daktari alisifu ya Italia. Wakili, ya Afrika Kusini. Kabla zamu yangu haijafika, mama mmoja kutoka kijijini Nyakoe aliingia, akaweka kauntani chupa isiyo na lebo, akamwomba mwenye duka auze mvinyo wake wa ndizi.

"Mama, hapa si kilabu cha pombe za kienyeji," wakili akatania.

Mama alimimina, akaonja kwanza yeye, kama mwenyeji afanyavyo kwetu, kisha akampa wakili glasi. Wakili alionja. Akavua miwani, akafumba macho.

"Omong'ina," alisema hatimaye, akimwita kwa neno la Kikisii la kumheshimu mama mzee, kwa sauti ya kanisani, "hii umeitoa wapi?"

"Nyuma ya jikoni."

Mwenye duka akazisogeza chupa za Italia rafuni, nafasi ya chupa ya mama ikapatikana. Zamu yangu ilipofika, mimi niliyelelewa katikati ya migomba, niliinyooshea kidole tu chupa ya mama pale rafuni.