Mafuta ya Ini la Aline

Niliondoka Kigoma kwa sababu ya barua ya dada yangu Zawadi, aliyeolewa Bujumbura na kufiwa na mume vitani. Aliandika kwa furaha kwamba kitindamimba wake, Aline, wa miaka miwili, amenenepa: mashavu yamejaa, miguu inang'aa. Niliposoma nilijua huko ni kuvimba, si kunenepa. Mimi ni mwalimu wa biolojia, na ushauri wa kumlisha ulikuwa wangu. Katika barua ya awali Zawadi alipolalamika kwamba mafuta hayapatikani na maharagwe ni ya kubahatisha, nilimjibu kwa majivuno ya darasani: usihofu, ini lina kimeng'enya kinachotengeneza mafuta kutokana na wanga, uji wa muhogo utamtosha mtoto.

Asubuhi ya siku ya pili meli ya mizigo niliyopanda ilifika Bujumbura. Bandarini askari walimwaga gunia la dagaa nililombebea Aline, wakalichokoa kwa mtutu wa bunduki wakitafuta risasi. Niliokota dagaa mmoja mmoja huku nikijilaani.

Saa nne nilikuwa Kibenga, mtaa anaoishi Zawadi. Mlango ulikuwa umefungwa. Jirani akaniambia Zawadi yuko hospitali na mtoto tangu juzi.

Hospitalini nilimkuta Aline kimya, nywele zimekuwa nyekundu, ngozi inabanduka. Nilibonyeza mguu wake, kidole kikaacha shimo. Muuguzi, mama mtu mzima, alinieleza polepole.

“Foie yake, ini, imejaa mafuta. Mwili yake mwenyewe ilitengeneza, kwa ile muhogo. Sasa inakosa protéine ya kuitoa mule.”

Niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi. Kimeng'enya kile nimekichora ubaoni miaka yote, hatua kwa hatua, na sijawahi kujiuliza mafuta yanatokaje kwenye ini.

“Jirani alikuwa analeta maharagwe kidogo,” Zawadi akasema. “Niliachia wale wakubwa, kaka. Aline mi nilimupa muhogo, juu we uliandika inatosha.”

Alhamisi mchana Aline alifariki. Tulimzika Ijumaa, haraka, kabla barabara haijafungwa. Dagaa niliwaachia kaka zake wawili.

Jumamosi Zawadi alinisindikiza bandarini. Nilimsihi tuondoke wote, akakataa kuliacha kaburi bichi. Kisha akaniuliza, “Nilikosa wapi, kaka? Uji nilimupa mara tatu, sawa uliandika.”

Nilimwambia hakukosa popote. Kwamba aliyekosa ni mimi sikuweza kulisema, nikapanda meli.

Nimerudi na somo ambalo sijui nitalifundisha vipi. Sikumwandikia dada yangu uongo. Ini la Aline lilitengeneza mafuta mpaka mwisho, kama nilivyoahidi.