Paja Lililolala Chini

Kalista alimtazama Anania mikononi, akaitazama pikipiki, kisha akarudi kumtazama mikononi. Bunduki haikuwepo. Kulikuwa na mkate, chupa ya chai, na darubini nyeusi aliyoining'iniza shingoni kwa kamba.

"Bunduki umeiacha wapi, baba Asukile?"

"Nyumbani, mama Kashindye. Serikali imefunga uwindaji nchi nzima. Hukusikia?"

Alisikia. Angekosaje kusikia, na shemeji yake Seni alikuwa akiitangaza habari hiyo kilabuni tangu redio iiseme, kana kwamba amri ile imetungwa kwa ajili yake peke yake?

"Sasa umefuata nini?"

"Naomba kuingia humo ndani nitembee. Nitazame ndege."

"Ukishawatazama?"

"Nitakaa kidogo, niwatazame tena. Jioni nirudi zangu Mbeya."

Mtu mzima, mzee wa kanisa, ana mke na shamba la viazi huko milimani, apande pikipiki alfajiri, ale vumbi la Usangu hadi kope ziwe nyeupe, aje kutazama ndege! Kalista alifikiri labda mgeni anaumwa na hajui namna ya kusema. Akamletea maziwa ya mgando, maana hilo ndilo aliloweza.

Tatizo ni kwamba yeye alihitaji paja. Nalo paja lenyewe lina habari yake, na asiyeijua atadhani mama wa watu alikuwa mlafi tu.

Marehemu mume wake, Nkuba, alihama na ng'ombe kutoka Shinyanga, akafika Usangu, akazungushia miiba kipande cha majani kando ya mto. Wasukuma wanakiita ngitili. Hukigusi masika yote, majani yanakua mpaka kiunoni, kisha kiangazi kikikaza, wakati wenzako wanahesabu mizoga, wewe unafungua lango. Lakini majani hayafichi siri. Tohe, wale swala wa majanini, walihamia humo, na kanga, na nyuma yao wakafuata watu wa Mbeya wenye leseni na bunduki. Nkuba hakuwafukuza. Aliwapa masharti matatu: piga hodi kwangu kwanza, usiwashe moto, na mnyama akianguka, paja la ule ubavu uliolala chini uniletee mimi. Mnyama mwenyewe, kwa ubavu anaoulaza ardhini, ndiye anayeonyesha aliyemlisha, ndivyo alivyosema, na wenyeji wa hapo hawakushangaa, kwa kuwa mababu zao nao waliwinda hivyo hivyo.

Mwaka wa sabini na mbili Nkuba akafa kwa homa. Arobaini haijaisha, Seni, mdogo wake, akaanza kusema mwanamke hashiki ngitili. Alitaka lango lifunguliwe ng'ombe wake waingie. Alikuwa nao mia na kitu. Wangeyamaliza majani yale kwa wiki moja, na ng'ombe kumi na tisa wa Kalista wangebaki kulamba vumbi mpaka mvua ya Desemba. Wasingefika Desemba, na Kalista hakuwa na kitu kingine duniani.

Shauri likaenda kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Fanueli, Msangu mmoja mpole mwenye kikohozi. "Mimi si wa ukoo wenu," alisema. "Mimi naangalia paja linaingia mlango upi; huyo ndiye mwenye ngitili." Basi mwaka mzima Seni alikaa na kigoda chake njia panda akiwasubiri wawindaji, awapokee yeye. Anania alimsalimia vizuri kila safari, akampita, akapiga hodi kwa Kalista. Jioni paja likaingia mlango ule ule. Na Kalista, roho yake ilivyo, alikata kipande akakipeleka kwa Seni kwenye bakuli lenye mfuniko. Bakuli lilirudi limelambwa.

Sasa uwindaji umefungwa, paja hakuna. Balozi alikuwa aje kesho yake, Jumapili, kumaliza maneno.

Haya yote Kalista alimweleza Anania huku amekiangalia kikombe. Alikuwa anaona aibu. Anania alisikiliza, akatikisa kichwa, akashukuru kwa maziwa, kisha akaingia ngitilini na darubini yake. Hakutoka mpaka jua linaelekea kuzama. Suruali imejaa mbegu za majani, uso umetulia kama wa mtu aliyetoka kuoga. "Asante, mama," akasema, akapiga teke pikipiki, akaondoka.

Hakusema neno lingine. Kalista alibaki amesimama uani hata hajui akasirike au acheke. Kwa hiyo huyu mtu ameyasikia maneno yote yale, akaenda kutazama kunguru?

Asubuhi Seni aliwahi. Alikuja na ng'ombe wake wote, akawasimamisha mbele ya lango la miiba, panga mkononi. Balozi akaja polepole, akakohoa, akaketi.

"Shemeji," Seni akasema, sauti laini kweli kweli, "mwaka huu paja liko wapi?"

Hapo ndipo iliposikika pikipiki.

Anania alishuka amevaa suti ya kanisani, nyeusi, yote imegeuka kuwa rangi ya vumbi. Nyuma alikuwa amefunga kitu kwa majani ya mgomba. Alipita mbele ya Seni, akamsalimia vizuri kama kawaida, akapiga hodi uani kwa Kalista, akakitua miguuni pake. Lilikuwa paja.

Balozi akainama kulitazama. "La mnyama gani hili?"

"Mbuzi, mzee. Limetoka Mbalizi."

"Aliangukia humu?"

"Aliangukia buchani."

Seni akacheka mpaka akaegemea ng'ombe. Anania hakucheka. "Jana nimeshinda humu ndani kutwa nzima," akasema. "Kwangu nina kelele, nina watoto saba, nina vikao vya kanisa. Humu nimepumzika. Sikubeba kitu, lakini nimefaidi. Ukifaidi ngitili ya mtu unaleta paja, ndivyo marehemu alivyoniambia. Nilikosa mnyama tu."

Ilionekana wazi kwamba hata balozi amechanganyikiwa. Alilitazama paja, akaitazama suti, akaligeuza paja kwa fimbo upande wa pili kana kwamba limeandikwa kitu. Mwishowe akamgeukia Seni.

"Yale mapaja ya mwaka jana, wewe ulikuwa unakula?"

"Nilikuwa naletewa."

"Na nani?"

Seni alifungua mdomo. Akautazama mfuniko wa lile bakuli uliokuwa ukianikwa uani, akaufunga mdomo.

"Basi mlango unaujua mwenyewe. Kapeleke ng'ombe wako mtoni wakanywe maji," balozi akasema, akainuka. "Wamesimama juani bure."

Wageni walipoondoka, Kalista alikata kipande cha lile paja, akakiweka kwenye bakuli, akafunika, akakipeleka kwa Seni. Aliporudi hakuingia ndani. Alitenga miiba akaingia ngitilini, yeye ambaye miaka yote ile hakuwahi kuingia humo bila panga au ng'ombe. Alitaka kuona huyu baba Asukile alikuwa anatazama nini.

Akaketi. Aliona majani. Aliona ndege mdogo wa kahawia, naye akaruka. Akajisikia mjinga, lakini akaendelea kukaa. Ndipo tohe akainuka hatua tano kutoka kwake, akamtazama, akaondoka bila haraka.

Kalista alisogea mpaka pale mnyama alipokuwa amelala. Majani yalikuwa yamelala chini kwa umbo la ubavu mmoja. Akaweka kiganja. Palikuwa bado na joto, naye akamlilia Nkuba, kwa mara ya kwanza bila kumwogopa mtu.