Kivuli Kwenye Pafu la Mzee Methusela

Priska Matonya, binti wa wakulima wa zabibu wa Hombolo, alikuwa akitunza kompyuta katika kliniki ya eksirei ya Daktari Shabnam, mtaa wa Kikuyu. Kazi ilikuwa tulivu mpaka Mzee Methusela aliporudi kutoka Kibakwe na macho ya manjano.

Mara ya kwanza mzee alikuja na kikohozi. Picha ilionyesha kivuli juu ya pafu la kulia, akaanzishiwa dawa za kifua kikuu, nazo zikamharibia ini. Sasa alipigwa picha nyingine. Pafu lilikuwa safi, kana kwamba kivuli hakijapata kuwapo.

Daktari alimwita Gladness, mpiga picha. "Ulichanganya wagonjwa."

"Sikuchanganya, Daktari. Siku ile picha ya babu niliiona kwenye skrini. Ilikuwa safi."

"Mimi niliifungua baadaye, nikaona kivuli. Tumwamini nani?"

Gladness alisimamishwa kazi. Priska aliifungua ile picha ya zamani na kuikuza. Mfupa wa mtulinga ulikatika ghafla kwenye mstari ulionyooka, na chini ya mstari mbavu hazikukutana na za juu. Zilikuwa picha mbili zilizoungwa. Binadamu hakosei namna hiyo.

Alijifungia na mashine. Alipiga picha ya kishada cha funguo, kisha kiatu chake, huku ameitwisha seva, kompyuta ya kuhifadhia picha, kazi nyingi ili kumbukumbu yake ibane. Kwenye skrini kiatu kilitokea kizima. Alipoifungua picha hiyo tena baadaye, funguo zilikuwa zimelala katikati ya soli. Priska alikaa akizitazama.

Siku ya pili alimweleza Daktari. Kadi ya eksirei, kifaa cha ndani ya kompyuta kinachopokea picha kutoka kwenye mashine, huiandika moja kwa moja kwenye kurasa, yaani vipande, za kumbukumbu ya kompyuta, na kurasa hizo hufungwa mahali pake ili zisihamishwe kadi ikiwa kazini. Lakini zilikuwa pia kurasa za faili la mgonjwa wa zamani, lililotumiwa tena kwa mgonjwa mpya ili kuokoa nafasi. Kiini cha mfumo, programu inayoendesha kompyuta nzima, kilikuwa kikizinakili kwenye diski na kuziandikia kwamba zimeshahifadhiwa. Kadi iliendelea kuandika juu yake bila kiini kujua. Kadi ikishaziachia, na kumbukumbu ikibana, kiini kilizitupa kwa moyo mweupe. Aliyefungua faili baadaye alipewa kilichobaki kwenye diski, yaani kipande cha mgonjwa aliyetangulia.

"Gladness aliona ukweli," Priska alisema. "Na wewe hukuona vibaya. Kila mmoja aliona kilichokuwapo wakati wake."

Daktari Shabnam alivuta daftari la wagonjwa. "Kama mashine imempa mzima ugonjwa, basi yaweza pia kumfichia mgonjwa wake."

"Ndiyo, Daktari."

Wakafunga mlango wa eksirei. Priska aliitengea kadi kumbukumbu yake yenyewe, isiyoshikamana na faili lolote, picha ikikamilika ndipo inakiliwe kwenye diski. Alirudia jaribio la kiatu mpaka akaridhika. Wakati huo Daktari alikuwa kwenye simu, akiwaita wagonjwa mmoja mmoja waje kupigwa upya bila malipo. Wengi walikuja, wengine wakiwa na hasira. Mama mmoja alikutwa na donda la pafu ambalo picha yake ya kwanza haikulionyesha, akapelekwa hospitali mapema. Wengine namba zao hazikupatikana tena.

Mzee Methusela aliachishwa dawa, na macho yakarudi meupe taratibu.

"Shikamoo, babu," Priska alimwamkia alipokuja kuangaliwa.

"Marahaba. Wanasema ni wewe uliyekiondoa kivuli."

"Hakikuwa chako, babu."

"Lakini dawa nilimeza mimi," mzee alijibu, bila ukali.

Daktari alimwomba Gladness radhi mbele ya wafanyakazi wote, akamrudisha kazini. Gladness aliipokea radhi, akafanya kazi mpaka mvua zilipoanza, kisha akahamia kliniki nyingine.