Lakot na Wagonjwa wa Ghala la Chumvi

Lakot alipoingia ghalani kwangu Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, mara ya kwanza, nilimwonyesha gunia la chumvi ya Katwe kabla hajamaliza salamu. Hakulitazama. Macho yake yalikuwa kwa wachukuzi wangu, waliokuwa wamejilaza juu ya magunia wakingoja lori la kwenda Kongo.

"Haji," akasema, "hawa watu asubuhi wanafanya kazi gani?"

Wananiita Haji ingawa Makka sijafika. Jina zuri ukipewa bure hulirudishi. Nikamjibu kwamba wanafanya hiyo hiyo anayoiona. Akasema basi anawataka, asubuhi tu, wawe wagonjwa wake.

Nilimjua kwa sura. Ni binti wa Sajini Olanya, Mwacholi wa kambi ya jeshi iliyo nje kidogo ya Bwera. Baba alipohamishiwa huku, binti alivuka mpaka akasomea udaktari Butembo, Kongo, kwa Kifaransa, maana huko ndiko karo ilikopatana na mshahara wa sajini. Akarudi na shahada yake. Lakini aliyesoma nje hamtibu mtu Uganda mpaka apite mtihani wa leseni, Kampala, kwa Kiingereza. Sehemu ya kuandika alikwisha kuipita. Iliyomwangusha mara mbili ni ile ya vitendo: unaingizwa chumbani, unamkuta mtu mzima wa afya aliyefundishwa kuigiza ugonjwa, unamhoji, na mtahini amekaa pembeni anakupima. Bila leseni hakuna mwaka wa mazoezi hospitalini, na bila mwaka huo hakuna nafasi ya kusomea ubingwa wa magonjwa ya watoto, ambayo ndiyo aliyoitaka kuliko kitu chochote. Sajini naye alikwisha kutoa amri: akianguka tena, anarudi kwao Kitgum kwa bibi yake kulima simsim, yaani ufuta.

Nikamuuliza mimi napata nini. Akasema hana kitu. Mtu akikwambia hana kitu, mpekue. Nikampekua kwa maswali, nikakuta anasoma Kifaransa. Hati zangu za forodha za Kongo nilikuwa nasomewa na mawakala, na wakala hukusomea anachotaka usikie. Tukapatana: yeye anisomee hati, mimi nimpe wachukuzi mpaka lori lije.

Shida ilianzia kwenye kugawana magonjwa. Lakot alileta vikadi, kila kadi ugonjwa mmoja na dalili zake, na mke wangu Sadia ndiye aliyevigawa na kuwasomea wachukuzi faraghani, ili daktari asijue nani ana nini. Wote walitaka malaria. Kadi ya bawasiri ilimwangukia Jean-de-Dieu, Mkongomani mwenye shingo kama kisiki, na akaikataa.

"Mama Sadia, hii mupe mwingine. Miye mutu wa magunia mbili, nikuwe na ugonjwa ya kukaa?"

Akabadilishana na mwenzake aliyepewa ugonjwa wa moyo, akamwongezea na sigara.

Shida ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Lakot alikulia kambini, na aliuliza kama askari wa kizuizi cha barabarani: jina, umri, inauma wapi, tangu lini. Watu wa Mpondwe wakiulizwa namna hiyo na mtu mwenye kalamu mkononi, wana jibu moja walilorithi kwa babu zao.

"Unaumwa wapi?" akamuuliza Jean-de-Dieu.

"Siumwi."

"Kichwa haiumi? Tumbo? Moyo haiendi mbio?"

"Hii moyo haiko yangu, Dokta. Nilipewa tu niibebe."

Lakot akatupa kalamu. Akasema watu wangu wanamharibia mtihani. Nikamwambia hawa ndio mtihani wenyewe. Nikamuuliza zile mara mbili aliangushwa na nini, akasema kila mara mgonjwa alikuwa na jambo analificha, naye akatoka bila kulipata.

"Unauliza bei kabla ya salamu," nikamwambia. "Mnunuzi gani anaingia dukani hivyo? Kaa kwanza. Uliza habari za nyumbani, uliza njia ilikuwaje. Shika shika mzigo, usisifu. Bei ya kwanza ikubali kwa sikio, usiikubali kwa mfuko. Halafu inuka, aga, nenda mpaka mlangoni. Mguu mmoja ukiwa nje, geuka uulize tena. Hapo ndipo bei ya kweli inatoka."

Hakupenda. Alisema udaktari si soko. Lakini simsim ya Kitgum ilikuwa inamwita, kwa hiyo alijaribu. Mwanzoni aliuliza habari za watoto kwa sauti ya gwaride, mpaka mchukuzi mmoja akasimama wima kumjibu. Polepole sauti ikalainika. Siku alipofika mlangoni akageuka, na Jean-de-Dieu akakiri kwamba moyo ni wake na umeanza kumsumbua tangu mazishi ya shemeji yake, ghala zima lilipiga makofi. Hayo ya shemeji hayakuwa kwenye kadi. Aliyatia mwenyewe kunogesha.

Asubuhi moja malori yalikuja mapema na wachukuzi wakaisha. Mtihani ulikuwa umekaribia, kwa hiyo nikajitolea mimi. Sadia akanisomea kadi ya presha. Nikakunja uso, nikashika kisogo, nikajiona mwigizaji hasa. Lakot akanifunga mkononi kitambaa cha kupimia presha, akabonyeza mpira, akasoma. Akahamia mkono wa pili, akasoma tena.

"Haji, hii haiko ya kadi."

Akanitajia namba. Mimi namba ya kwanza siikubali kwa mtu yeyote.

"Punguza," nikasema.

"Presha haipunguzwi kwa mdomo."

Nikamwambia basi anipe vidonge, yaishe hapa hapa, hakuna atakayejua. Akakataa. Hana leseni, na hata kidonge kimoja hatoi. Nikaona nikaze: hakuna vidonge, hakuna wachukuzi. Nilijua mtihani uko mlangoni na nilijua hana pengine pa kwenda. Katika biashara, hapo mtu hushuka.

Akakusanya vikadi vyake. Akaaga vizuri, akamsalimia na Sadia, akaenda zake mlangoni. Nikangoja ageuke. Mguu mmoja ukiwa nje, akageuka.

"Haji, kichwa inakuuma tangu lini?"

"Tangu Ramadhani," nikasema, na neno lilikwisha kutoka.

Sadia, niliyekuwa nikimwambia kila siku kwamba kichwa ni jua tu, aliniangalia kwa namna ambayo hakuna wakala angeweza kuitafsiri. Lakot akasema kesho nikapimwe hospitali, la sivyo hati zangu nitasomewa na mawakala mpaka kufa, na kwamba kwa namba ile hawatanisomea muda mrefu. Nikaenda. Wachukuzi nikamrudishia.

Kampala alikwenda kwa basi la Kasese, akarudi akatusimulia. Chumba kimoja alimkuta mama ameshika tumbo, anasema ni malaria tu. Lakot akamuuliza habari za njia, habari za watoto, akamshika shika tumbo bila kusifu. Akaaga. Mlangoni akageuka, na yule mama akasema anakunywa dawa za miti alizopewa na mama mkwe. Mtahini akainua kichwa akaandika. Safari hiyo alipita. Sajini Olanya alipoletewa habari alisimama, akavaa kofia, akasema, "Sawa. Endelea," akavua kofia akakaa. Lakot anasema kwa baba yake hiyo ni hotuba.

Mwaka wa mazoezi aliumalizia Kasese. Nafasi ya ubingwa aliomba akakosa, akaomba tena, na sasa yuko Mbarara, anasomea watoto, ambao nasikia hawafichi kitu isipokuwa wametapika wapi.

Mimi nimepoteza msomaji wa Kifaransa, na mawakala wamerudi kunila. Jean-de-Dieu amepoteza ugonjwa wake wa moyo, na bado anauulizia. Vidonge nameza, namba imeshuka bila mimi kuipigania, jambo ambalo sijalizoea. Ila daktari wa hospitali alisema na chumvi niache, na Sadia anasimamia amri hiyo kuliko sajini. Maharage yangu yanapikwa kwenye sufuria ya peke yake. Chumvi ya Katwe bado nauza kwa magunia. Mteja akiuliza kama ni kali, namwambia awaulize wachukuzi.