Nilimutupia Mukimbizi Kosa la Kuchelewa Kwangu

Mi njo mwenye kosa. Musitafute mutu mwingine. Mukitaka kunitukana, munitukane tu, ata mi najitukana kila siku!

Niko mwanamuke wa hapa Baraka. Nilikuwa na studio kidogo ya kutengeneza katuni, zile filme za michoro batoto banapenda. Tulikuwa batu batatu. Asende, kijana wa hapa hapa, alikuwa anachora manyumba, miti na ziwa. Nadège, Murundi mwenye kuishi kambini Lusenda, njo alikuwa anafanya sanamu zitembee, zicheke, zifungue kinywa. Mi nilikuwa shefu: kupanga kazi, kurekodi sauti, kuongea na benye kutupatia kazi. Na ile sauti ya mama mu filme, ilikuwa yangu.

Shirika moja la afya likatuomba filme ya kufundisha batoto juu ya kipindupindu. Bakauliza: mutamaliza lini? Nikajibu palepale, meno inje: mbele mvua ianze! Sikuuliza mutu. Nilitaka banione mukubwa.

Kufika studio, Asende akashika kichwa.

"Shefu, uliahidi nini? Nadège iko peke yake kwa kutembeza sanamu zote. Na courant yetu, umeme, ni ya panneau ya jua. Jua likikataa, tunakaa mikono mitupu."

"Mutajikaza," nikamujibu. "Kwani muko batoto?"

Nadège hakubisha. Aliomba kitu kimoja tu: "Shefu, unipe sauti kwanza. Nikisikia mutu vile anasema, njo nitajua kinywa cha sanamu kifunguke wapi, kifungike wapi."

Kitu kimoja! Na ata ile sikuifanya.

Nilikuwa wapi? Nilikuwa napanda Fizi-Centre ku maréunion, mikutano ya mashirika, kitenge mupya, nakaa karibu na bakubwa, najiita directrice. Nikirudi nimechoka, nasema sauti tutarekodi kesho. Kesho ikazaa kesho. Nadège anangoja, na mi huku namupigia makelele: songa mbele, songa mbele! Akasonga bila sauti. Angefanya nini?

Siku nilirekodi, tukaweka sauti juu ya michoro. Aibu gani! Mama amefunga kinywa, sauti ingali inaongea. Mutoto anacheka, sauti inalia. Kazi ya vinywa yote ilipaswa kurudiwa. Nadège akalaza kichwa ku meza. Nikamukasirikia, sababu nilielewa muzuri kile kichwa kilikuwa kinasema nini.

Mvua ikaanza. Bwana wa shirika akafika kuona filme, tukamuonyesha vipande vipande. Akauliza kwa heshima: "Mama, shida ilikuwa nini?"

Hapo shetani aka... hapana! Nisimusingizie shetani. Mi mwenyewe nilifungua kinywa.

"Shida ni huyu wa kambini," nikasema. "Leo anakuja, kesho hakuji. Bakimbizi bamezoea kupewa. Kazi ya saa, hawaijui."

Uongo mutupu! Nadège alikuwa anafika asubuhi mapema mbele yangu mimi mwenye kuishi nyuma ya studio.

Alikuwa amesimama palepale, nyuma ya yule bwana. Akauliza polepole: "Shefu, sauti ulinipa lini?"

Bwana akanigeukia. Nilikuwa bado na nafasi ya kusema ukweli. Mi nikalipuka: "Kama kazi imekushinda, rudia kwenu Burundi!"

Ah, ndugu yangu! Mi, mutoto niliyevuka ziwa mugongoni mwa mama yangu wakati wa vita! Mi niliyekulia ku kambi ya Tanzania, nikatukanwa na benyeji mupaka nikazoea! Neno ile ile balinipigaka nalo, njo nililiokota nikamupiga nalo mwenzangu.

Nadège akachukua kalamu yake na mufuko wake, akatoka. Asende akafunga kompyuta yake.

"Unaenda wapi na we?" nikamufokea.

"Mama yako na mama yangu balikimbia mu mutumbwi moja," akasema. "Leo umebavua nguo bote bawili." Akatoka. Yule bwana akatoka nyuma yao, na kazi ikaenda nao.

Balimaliza filme bila mimi. Nilisikia batu banasema itaonyeshwa ku shule moja ya Lweba, nikaenda, nikasimama nyuma ya darasa, madirisha yamefunikwa na bitenge. Batoto balikuwa banacheka, banaitika. Halafu mama akaongea. Haikuwa sauti yangu. Balinitoa, bakaweka mwanamuke mwingine, na kinywa kilimufuata neno kwa neno.

Nikamufikia Nadège akikunja mikamba ya umeme. "Unisamehe," nikasema, machozi yanatoka.

Hakuinua macho. "Ulinisingizia mbele ya mutu. Enda kwanza umuambie ule mutu ukweli. Mi sina jibu lako, mama."

Mama. Si shefu tena.

Nilienda kwa yule bwana, nikamwaga yote. Akasema alijua tangu siku ile, alisoma uso wangu. Kumbe nilijichafua bure kabisa!

Studio imefungwa. Asende tukipishana njiani anaangalia ziwa. Batu bananiuliza kama natafuta bachoraji wapya. Nani atakuja kuchorea mutu kama mimi?

Basi we mwenye kuongoza batu, ata bawili tu, unisikie. Mbele ya kuahidi siku, uliza benye kushika kazi. Ukichelewa, sema: mi nimechelewa. Aibu yake itapita. Lakini ile neno "rudia kwenu", ikikupanda kinywani, uimeze, ata ikuunguze koo!