Karavani ya Baba na Panya wa Kent

Wenzangu mliokulia Woolwich, huku London, enzi zile, mtanielewa nikisema kwamba utoto wetu ulikuwa na adui mmoja tu, naye ni panya. Siyo panya wa nyumbani, maana hao tulishawazoea. Nawasema wale wa shambani, waliotaka kuimaliza karavani ya baba.

Karavani yenyewe ilikuwa kijumba kikuukuu chenye magurudumu, baba alikinunua kwa mwenzake wa gereji ya mabasi. Kila kiangazi tulikifunga nyuma ya gari tukaenda zetu pwani ya Kent, wazazi, mimi na kaka zangu wawili, tumebanana, harufu ya biriani imetuganda mpaka nywele, na Wazungu wa jirani wanachungulia kutaka kujua kunapikwa nini. Mie sikujua raha nyingine duniani. Baridi ikianza tuliipeleka kulala kwenye uwanja wa mkulima mmoja nje ya mji, na hapo ndipo balaa lilipotufika. Mwaka wa kwanza tulifungua mlango tukakuta magodoro yamechanwachanwa, panya wamezaa humo kama wodi ya wazazi. Baba alisimama mlangoni akaapa, "Wallahi wakila tena godoro langu, naiuza!" Na baba akiapa, ameapa.

Basi kila vuli ikawa vita. Baba analala chali chini ya karavani, koti limejaa matope, anaziba kila tundu kwa zile nyuzi za chuma za kusugulia masufuria: penye bomba la gesi, penye waya wa umeme, penye mpira wa maji. "Pakipita penseli, panya naye kapita," alitufundisha, nasi tulizunguka na penseli zetu za shule tukichokonoa kila pembe. Ndani alitawala mama. Magodoro yalisimamishwa wima, makabati yaliachwa wazi, kila chembe ya biskuti ilifutwa kwa siki. Mwisho mama alifukiza udi. Mkulima alipouona moshi unatoka dirishani alikuja mbio na ndoo ya maji, naye mama akamtuliza kwa Kiingereza chake, "No fire, my dear, perfume!" Mzee wa watu akarudi na ndoo yake.

Mwaka wa pili, baada ya kuziba kote huko, baridi ikaisha, tukaenda kufungua. Baba aliingia kwanza. Sisi watoto tulibaki nje tumeshikana mikono, roho juu, maana tulijua likizo yetu yote iko mle ndani. Kisha tukasikia, "Mama Salim! Nini hiki?"

Ilikuwa sufuria. Kumbe siku ya kufunga mama alikuwa ameificha ndani kabisa ya kabati la chini ikiwa na mchele. Kwao Pemba, alisema, nyumba haifungwi ikiwa tupu kabisa. Huachwa nafaka kidogo, baraka isihame. Mchele wote ulikuwa umekwisha na mahali pake pamejaa mavi ya panya.

"Mie nimeziba matundu mpaka mgongo umekufa, wewe unawapikia?"

"Sikuwapikia. Ulikuwa mbichi," mama akajibu. "Tena wewe uliapa wakila godoro. Haya, nionyeshe godoro lililoliwa."

Baba akaanza kuyakagua. Akabonyeza, akageuza, akanusa. Hakuna hata uzi uliotoka. Wale panya waliingia, tundu wanalijua wenyewe, wakashiba, wakaenda zao. Baba akalilaza godoro la mwisho mahali pake. "Tandikeni," alisema mwishowe, nasi tukapiga kelele za furaha mpaka kondoo wa mkulima wakakimbia.

Vuli iliyofuata nilimwona baba mwenyewe, matundu yakiwa yamekwisha kuzibwa, akimimina mchele kwenye sufuria. Mama akauchota, akautazama kwenye mwanga. "Basmati, Baba Salim? Hao panya, si ungewapa wa kuvunjika!"

Siku hizi wanangu wakiona panya mmoja jikoni hapa Lewisham, wanapanda kwenye viti, wanampiga picha kwanza, kisha ndipo wananiita: "Mum, just call the council!" Eti waje watu wa manispaa kumtoa. Likizo nayo ni lazima hoteli, kila mtu na chumba chake na simu yake. Ukiwauliza bahari ilikuwaje, wanakwambia waifai ilikuwa mbovu. Sisi tulilala watano kwenye kijumba kile, baba akikoroma karavani nzima inatikisika, na asubuhi tulimwigiza mpaka machozi yanatutoka. Naikumbuka sana sauti ile.

Panya hawakumshinda baba tena. Ila tulikua. Salim akaoa, mdogo wake akapata shifti za wikiendi, mie nikaolewa, na kiangazi kimoja hakupatikana mtu wa kwenda. Baba akaitafutia karavani mnunuzi. Siku ya kuikabidhi nilifuatana naye. Alifungua mlango, akaingia, akayabonyeza magodoro moja moja kama alivyozoea. Yote yalikuwa mazima, na hakuna wa kuyalalia.