Picha ya Thelathini na Saba

Sisi wapiga picha wa Kitale miaka ile ya themanini tulikuwa mabahili wa filamu. Boksi liliandikwa picha thelathini na sita, lakini ukijua kuingiza ule ulimi wa mwanzo wa filamu kidogo tu kwenye kamera, unapata ya thelathini na saba. Za kwanza zote zilikuwa za wateja. Hiyo ya nyongeza ilikuwa ya watu wetu wa bure: mtoto, shangazi, jirani msumbufu. Nami nilijiona fundi kweli kweli.

Basi kwaya moja ya Bungoma ikanikodi niipige picha kileleni mwa Mlima Elgon. Mama yangu, ambaye alikuwa akiutazama mlima huo kutoka shambani kwake Bokoli tangu aolewe, akasema naye anakuja. Wenzake kanisani walimcheka, ati kwa magoti gani. "Nitawaletea picha," akawajibu, na mimi nikamwahidi.

Tulilala kwenye hema, tukapanda alfajiri, umande umeganda juu ya nyasi. Nilijua baridi inaua betri, kwa hiyo kamera niliibeba kifuani chini ya sweta mbili. Kileleni nikaitoa, nikaanza kuihudumia kwaya: wote pamoja, wa soprano, wa besi, mwalimu wao peke yake, mwalimu wao tena kwa sababu alifumba macho. Muda wote huo kamera ilikuwa kwenye upepo. Mama alisubiri pembeni na kitambaa chake kipya cha kichwa, akitetemeka na kutabasamu.

Zilipoisha za wateja nikamsimamisha kwenye jiwe la juu kabisa. Nikavuta mkono wa kusogezea filamu, ukagoma. Kule studio ukigoma unausukuma kidogo tu, unakubali. Nikausukuma. Nikasikia "tap", kisha mkono ukaenda mwepesi, haushiki kitu. Filamu ikipigwa na baridi hukauka kama ganda la hindi, nami nilikuwa nimeikata.

"Sasa hiyo imekatika ni yangu ama ni ya kwaya?" Mama akauliza.

"Ni yako, Mama."

Aibu ilinishika mpaka masikio yakapata moto. Yeye akasema, "Haya. Okoa za wenyewe, basi."

Akanifunika mwenyewe blanketi alilokuwa amelibeba, akazikalia kingo zake ili mwanga usipenye ukaharibu filamu. Humo gizani nikafungua kamera, nikaikunja filamu kwa vidole vilivyokufa ganzi, nikaitia kwenye kikopo chake. Picha za kwaya zilitoka zote. Jumapili iliyofuata Mama alienda kanisani mikono mitupu, na wenzake wakacheka tena.

Desemba ilipofika nilifunga studio, tukapanda mlima tena, mimi na yeye na mtu wa kutuonyesha njia. Safari hii nilipiga moja, nikaifunga kamera kwenye nailoni isishike unyevu, nikairudisha kifuani, nikaitoa tena, nikavuta mkono polepole. Kufikia ya kumi Mama alianza kunikaripia.

"Zinatosha, kijana wangu. Si uachie wateja?"

Nilikuwa na furaha mpaka machozi yakanitoka, nikasingizia upepo. Nikamwambia mteja ni yeye, na ainue kidevu kidogo.